Seva Isiyoamka Bila Mimi

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi njema. Nimefika ofisini saa moja na robo, nimejifungia chumba cha seva, nimechomeka flashi yangu ya bluu, nimeandika amri ya maneno matatu, nimebonyeza. Sekunde tisa. Kisha nikakaa dakika ishirini nikinywa chai na kusoma gazeti la jana, kwa sababu kazi ya sekunde tisa haimpi mtu heshima. Nilipotoka nilijifuta uso kwa leso. Mkuu akauliza kama imeamka. Nikamwambia leo imesumbua, lakini nimeiweza.

Mwaka wa sita huu naishi hivi. Ofisi yetu ya nyaraka ina masanduku elfu kumi na moja ya ramani za nyumba, vyeti na mikataba ya zamani. Mtu akija kutafuta ramani ya nyumba ya marehemu baba yake, karani anaandika jina kwenye kompyuta, seva inatafuta, inajibu: rafu ya kumi na mbili, sanduku la nne. Bila seva ni kurudi kwenye droo za kadi, na droo za kadi ni himaya ya Mama Kadi. Sasa, nyaya za jengo ni za zamani, kwa hiyo kila jioni mlinzi anazima umeme wote kwa kuogopa moto, na kila asubuhi seva imelala fofofo. Lazima mtu aiamshe. Mtu huyo ni mimi. Hata Jumamosi, maana Jumamosi tunafungua mpaka saa sita.

Kweli, mfumo wa Linux unaoendesha mashine yetu unaweza kuiwasha seva wenyewe umeme ukirudi. Ni mistari michache tu kwenye faili. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Sijamwambia mtu.

Na flashi ya bluu? Akili yangu ya mwaka juzi! Mama Kadi alichungulia begani kwangu, akanakili amri yangu kwenye kadi, na siku nilipougua tumbo akaiwasha seva yeye. Watu wakampongeza. Niliporudi nikaongeza mstari mmoja: seva ikatae kuwaka mpaka ikute faili dogo lililo kwenye flashi. Alipojaribu tena amri yake, kimya. Akasema kumbe kazi hii ina wenyewe. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Jioni, nyumbani. Tarehe ya safari ya Binti imetoka. Mwanangu wa pekee anakwenda ng'ambo kusomea udaktari wa mifugo, miaka minne. Ndege ni Jumamosi hii. Saa tatu na nusu asubuhi anatakiwa awe ameshapita mlango wa wasafiri.

Nikasema nitamsindikiza. Mke wangu akaacha kukunja nguo akaniangalia. Siku ya zawadi shuleni sikwenda, ilikuwa Jumamosi. Siku alipotolewa plasta ya mkono, Jumamosi. Siku alipoimba peke yake mbele ya watu mia nne, nilifika viti vikiwa vinakunjwa.

"Baba, kama huwezi, sema huwezi," akasema. "Ila usiniahidi."

Nimeahidi. Mara mbili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwomba Mkuu ruhusa ya Jumamosi. Akaweka kalamu chini akauliza nani ataiamsha seva. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Akashauri nimfundishe Mama Kadi. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mikono ya Mama Kadi imezoea karatasi. Akasema basi nisubiri saa sita, ndipo nimpeleke mwanangu. Nikamweleza kwamba ndege haimsubiri mtu. Akasema hata wananchi hawasubiri.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema nitaiamsha kwa mbali. Kwa simu. Ni ufundi wa hali ya juu, wanaoujua wanahesabika kwa vidole. Mkuu akapigwa na butwaa. Akauliza mbona miaka yote sikuutumia. Nikamjibu kwamba unachosha sana akili.

Ruhusa nimepata! Mpango ni huu: naifanya seva ijiwashe yenyewe, kwa siri, na Jumamosi asubuhi sifa zote ni zangu. Ndege wawili kwa jiwe moja. Kwa nini sikuwaza hivi tangu zamani?

Njiani kutoka nikapita mezani kwa Mama Kadi. Mwaka wa thelathini na moja yuko pale, miwani shingoni kwa uzi, anafuta droo zake kwa kitambaa chenye nta. Aliambiwa aache kuandika kadi tangu seva ilipokuja. Hajaacha. Akaniuliza Binti anasafiri lini, akanipa daftari dogo la anwani nimpelekee. Nikashukuru. Lakini nimekaa chonjo. Yule mama hatoi daftari bure.

Jumatano, 6 Novemba

Mchana kutwa nimejifungia na faili la huduma, yaani ile karatasi ya maagizo ambayo mfumo unaisoma unapoamka: washa hiki, kisha kile, kwa jina la mtumiaji fulani. Mistari kumi na minne. Nimeiandika kwa mbwembwe, hata mahali pa maelezo nimejiita Mhandisi. Hapa ofisini wananiita Fundi tu, kama mtu wa kuziba mabomba.

Nikatoa amri. Seva ikawaka mara moja. Nikajipigia makofi polepole, wasisikie nje.

Kesho nitachelewa makusudi nione inavyofanya.

Alhamisi, 7 Novemba

Aibu! Nimefika saa mbili na dakika kumi nikipiga mluzi. Foleni imefika mlangoni, seva imelala, Mkuu amesimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni. Nikashika shavu nikasema jino. Mkuu akasema pole. Mama Kadi akaniuliza jino lipi, maana juzi nilishika shavu la upande mwingine nilipokuwa nawaza. Huyu mama anaandika kadi mpaka za mashavu ya watu.

Kosa nimeliona. Mfumo una amri mbili. Moja inasema washa sasa hivi. Nyingine inasema washa kila utakapoamka. Mimi nilitoa ile ya kwanza tu, nikaenda zangu nyumbani kifua mbele. Hata mwanafunzi wa wiki moja asingefanya hivyo.

Saa tisa nikatoa ya pili. Ili kuhakikisha, nikaizima mashine yote na kuiwasha upya, watu wakiwa katikati ya kutafuta. Kelele ukumbini! Nikasema panya ameuma waya. Mashine ikaamka, seva ikaamka nayo, mimi nimekaa mikono mapajani sijagusa kitu. Flashi ya bluu ikiwa mahali pake nyuma ya mashine, kama kawaida.

Mke wangu akapiga simu: sanduku la Binti halifungi, anatakiwa mtu mzito wa kulikalia. Nikatoka mbio. Nimefika mlangoni kwangu ndipo nimekumbuka kwamba flashi nimeiacha kwenye mashine. Haidhuru. Nimelikalia sanduku. Limefunga. Binti amecheka mpaka akakaa chini, akasema siku zote alijua kuna kitu ninachokiweza.

Ijumaa, 8 Novemba

IMEAMKA!

Nimechelewa tena makusudi. Saa mbili na nusu naingia, watu wanatafuta, majibu yanatoka, karani anapiga miayo. Yenyewe! Mkuu akanipa mkono mbele ya wananchi akauliza nimeifanyia wapi kazi hiyo. Nikasema barabarani, nikivuka. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Nilimwona Mama Kadi akitikisa kichwa pia, lakini kwa namna nyingine.

Nikaingia chumbani kwangu, nikachomoa flashi nyuma ya mashine nikaitia mfukoni pamoja na funguo za nyumba. Kitu changu kikae kwangu. Kisha nikakaa. Sikuwa na la kufanya. Taa ya kijani inawaka, feni inavuma, na hakuna aliyenihitaji. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nikaanza kuhesabu Jumamosi. Miaka sita, toa siku chache za ugonjwa. Zinakaribia mia tatu. Mistari kumi na minne na amri mbili, alasiri moja ya kazi. Ningeifanya Binti akiwa na miaka kumi na mbili, angeimba mimi nikiwa kiti cha mbele.

Nikaacha kuhesabu. Nikanywa chai kwa dakika ishirini, kwa mazoea.

Jioni Binti akaomba tukae barazani sisi watatu. Tukakaa. Nikamsimulia kwa kirefu jinsi nilivyomweza Mkuu. Akasikiliza mpaka mwisho. Sijui alitaka kusema nini yeye, maana tulichelewa kulala.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Saa mbili kasoro robo tulikuwa uwanja wa ndege. Nimevaa suti. Binti kashika mkono wangu tangu tuliposhuka kwenye gari, kitu ambacho hajafanya tangu akiwa darasa la tatu. Tukapima mzigo, tukapata kiti cha dirishani. Akasema tupige picha ya watu watatu mbele ya ule mlango wa wasafiri, kisha kuna jambo anataka kuniambia kabla hajaingia. Jambo dogo, akasema.

Saa tatu na dakika tano simu ikalia. Mkuu. Seva imelala, foleni ya watu kumi na tisa, tafadhali niiamshe kwa mbali.

Nikamwambia Binti dakika mbili tu. Nikasogea pembeni, karibu na mashine ya kufunga masanduku kwa nailoni. Nikamwambia Mkuu mtandao wa hapa ni hafifu, aniazime vidole vyake, nikaanza kumsomea amri herufi kwa herufi. Mkuu anaandika kwa kidole kimoja na kila herufi anaitafuta kama mtu aliyepoteza kitufe cha shati. Akauliza mstari ulioinama unainamia upande gani. Nikamwelekeza. Seva ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Nikageuka nikamwona Binti ananionyesha vidole vyote kumi. Dakika kumi zimebaki. Nikamwinulia kidole kimoja.

Jasho likanitoka. Nikatia mkono mfukoni nitoe leso. Vidole vikagusa funguo za nyumba, na katikati ya funguo, flashi.

Nilielewa yote papo hapo. Ule mstari wangu wa mwaka juzi bado upo. Nilikumbuka kuongeza kumi na minne mipya, nikasahau kufuta mmoja wa zamani. Alhamisi iliwaka kwa sababu flashi ilikuwa pale. Ijumaa vivyo hivyo. Leo seva inaitafuta, haioni kitu, inanyamaza, sawasawa kama nilivyoiamuru.

Sasa nitaandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Ilikuwa sentensi moja. Mkuu, kuna mstari nimeuweka mimi, fungua faili uufute. Basi. Ingechukua dakika moja, na kumi zingebaki tisa. Lakini angeuliza niliuweka wa nini. Kwa hiyo nikamwambia hewa ya leo ni nzito. Nikamwambia aguse mashine aone kama ina joto. Nikamwambia aizime, asubiri, aiwashe, ahesabu taa zinazomeremeta. Alihesabu zote, masikini, kwa sauti. Nilimdanganya kwa dakika kumi na nane nikiwa nimeelekea ukutani ili nisikie vizuri.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama peke yake.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akasema Binti alisubiri mpaka mlinzi wa mlangoni alipomwambia ni sasa au abaki. Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Binti na mama yake mbele ya mlango, wanatabasamu kwa shida. Na mimi nimo, nyuma yao, karibu na nguzo. Mgongo, na kiwiko kilichoshika simu.

Nikauliza lile jambo dogo lilikuwa nini. Mke wangu akasema hakuambiwa. Lilikuwa langu.

Tukiwa kwenye gari Mkuu akapiga tena. Akasema nisihangaike, Mama Kadi amewahudumia wote kumi na tisa kwa droo zake na ukumbi ni mtupu.

Jumapili, 10 Novemba

Ujumbe wa Binti umeingia mchana. Amefika salama, chumba ni kidogo, dirisha linatazama zizi la farasi. Mwishoni ameandika: "Baba, seva iliamka?"

Sijui kama ni utani au ni kuuliza kweli. Nimeusoma mara nyingi. Nimeandika majibu matano nikayafuta. Nilitaka kumwambia najuta, kwamba ningeweza kurudi pale mlangoni ningeitupa ile simu kwenye pipa na suti juu yake. Nimeandika: "Iliamka."

Hata hilo ni uongo.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote, nifute ule mstari kimyakimya. Nikamkuta Mama Kadi amekaa kwenye kiti changu, miwani puani.

Jumamosi mchana alimwomba Mkuu bahasha yenye nenosiri la seva, ambayo hukaa kwenye sefu ya ofisi. Akafungua faili. Hajui kompyuta, lakini anajua kusoma orodha, na alisoma orodha yangu mstari kwa mstari kama anavyosoma kadi, mpaka alipofika penye neno linalotaja flashi. Akaelewa. Hakufuta kitu. Aliiacha kama alivyoikuta, akaja leo alfajiri kunisubiri.

Nikafungua mdomo kuanza habari za hewa nzito. Akainua mkono.

"Mwanangu, ungesema tu," akasema. "Mimi ningekuja kuiwasha. Mtoto anasafiri mara moja."

Hakumwambia Mkuu. Hatamwambia. Nikaufuta ule mstari mbele yake, tukaizima mashine tukaiwasha. Sekunde tisa. Yenyewe. Flashi ikiwa mfukoni mwangu. Akaenda kwenye droo zake, akaandika kadi, akaipachika kwenye S: "Seva. Inajiwasha yenyewe. Aulizwe Fundi." Yale maneno mawili ya mwisho niliyasoma mara tatu.

Mkuu amefurahi. Amesema kwa kuwa mambo yamekuwa rahisi, Jumamosi nipumzike. Zote. Nilishukuru. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Jumamosi, 16 Novemba

Jumamosi yangu ya kwanza! Saa tatu asubuhi Binti akapiga simu ya video. Huko kwao ndiyo saa yake pekee ya nafasi kwa wiki nzima. Ametuonyesha ndama aliyezaliwa jana, ametuonyesha lile daftari la Mama Kadi, tayari lina majina tisa. Tumeongea saa nzima. Nikamwuliza lile jambo dogo la uwanja wa ndege. Akacheka, akasema ataniambia, lakini si kwa haraka, siku nyingine tukiwa tumekaa vizuri.

Nimemwahidi kila Jumamosi saa tatu nitakuwa hapa. Nimeahidi mara mbili.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku kubwa! Imekuja mashine mpya ya kupiga picha ramani kubwa, ndefu kama kitanda. Mkuu akauliza nani ataisimamia. Wiki nzima hii nimekaa chumbani nikitazama taa ya kijani, karani ananipita bila hata salamu. Mkono wangu ukapanda kabla sijaujua.

Nimeiwekea nenosiri la herufi ishirini na sita. Kila umeme ukirudi asubuhi, inaliomba. Nalijua mimi peke yangu. Leo watu sita walisimama nyuma yangu wakisubiri niandike, na mzee mmoja akaniita Mhandisi. Mama Kadi aliniangalia juu ya miwani muda mrefu kisha akarudi kwenye droo zake.

Mashine itatumika pia Jumamosi.

Nimemwomba mke wangu amwambie Binti kwamba keshokutwa nina kazi kidogo, na nyingine inayofuata pia. Ameisukuma simu mbele yangu, nimwambie mwenyewe. Lakini ni kwa muda tu! Mpango ninao: taratibu, bila mtu kujua, nitaifanya mashine ijiandikie nenosiri yenyewe. Nimeshalihifadhi, lisipotee. Liko kwenye flashi ya bluu.